Moshi umeisha, ingizeni jiko

Kile kidude cha kuonya moshi na gesi kilianza kulia saa tisa na dakika kumi usiku, na mimi kama mjinga nikajua ni betri.

Maana betri ikikaribia kuisha huwa kinasumbua hivyohivyo, kinalia mara moja, kinanyamaza, ukikaribia kulala kinalia tena mpaka unakata tamaa unaamka. Nikajigeuza upande wa pili. Ila mke wangu akaanza kuhesabu kwa sauti mle gizani. Moja, mbili, tatu, nne. Kimya. Moja, mbili, tatu, nne. Akasema, baba, hiyo sio betri.

Mara tatu ni moshi. Mara nne ni gesi ya sumu. Imeandikwa nyuma ya hicho kidude kwa herufi za kusomea na miwani.

Tukawabeba watoto na mablanketi yao, tukakaa kwenye gari, mvua inanyesha, usiku wa Februari wenye joto la ajabu, kama nyuzi 11 hivi wakati wiki ile ile tulikuwa chini ya sifuri. Zimamoto wa huku mjini kwetu ni watu wa kujitolea, mmoja namwonaga kituo cha mafuta. Wakaingia na kipimo cha mkononi, wakafungua madirisha yote, wakatoka. Besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, ilikuwa inasoma sehemu 150 kwa milioni. Juu, chumbani kwa watoto, 70 na kitu. Hiyo ni kaboni monoksaidi.

Nikamjibu yule jamaa kitu ambacho leo ni wiki ya saba hakijanitoka kichwani.

"Lakini hakukuwa na moshi."

## Makala ya makala

Kwa wageni wa hapa: nipo kaskazini mashariki mwa Pennsylvania, bonde la Lackawanna, mji mdogo karibu na Scranton. Wakongo tunaosali nao mkaa wanauita makala, kwa hiyo niliposema naandika makala kuhusu makaa walicheka mpaka mchungaji akageuka. Haya, hii ndiyo makala ya makala.

Nyumba yetu ni ya mbao, ya zamani, tuliinunua kwa bei ambayo ukiisikia lazima uulize ina tatizo gani. Tatizo liko chini. Besimenti kuna tanuru la chuma limenizidi urefu, limetoa mabomba manene kila upande kama pweza aliyepinduliwa, na kila bomba linapanda mpaka kwenye tundu la sakafuni la chumba fulani. Halina feni. Halina umeme. Ukutani hakuna pa kubonyeza nyuzi ishirini na ngapi unazotaka. Hewa ikipata moto inapanda, ikipoa inashuka, basi, na makaa unayalisha mwenyewe kwa beleshi asubuhi na jioni kama ng'ombe wa maziwa. Pembeni kuna kastoo kenye kidirisha cha juu, lori likija mwezi wa tisa linaegesha bati la mteremko hapo, tani tano zinashuka na nyumba nzima inatetemeka.

Fundi wa gesi alikuja, akapiga hesabu, hesabu yake ilizidi bei ya gari letu. Tukasema tujaribu baridi moja tu.

Hii iliyoisha juzi ni ya tatu.

Na nikiri, sio hela peke yake. Mimi ni mtu wa Njombe, kule kwenye baridi ya Tanzania. Mke wangu ni wa Tanga, kwake nyuzi 22 ni baridi ya kuvalia sweta, nikamwambia wewe tulia, sisi tumezaliwa na moto, moto naujua.

## Moto unaotaka kuachwa

Baridi ya kwanza moto ulinizimikia mara saba. Nahesabu zile za kuzima kabisa, za kuanza upya na karatasi na vijiti, watoto wamekaa na makoti mezani.

Makaa ya huku ni anthrasaiti, siyo kama yetu ya Tanzania, ya Kiwira au Ngaka, ambayo yana gesi nyingi ndani na yakiwaka unaona moshi. Haya ni magumu, yanang'aa kama chupa iliyovunjika, karibu yote ni kaboni tupu, asilimia 86 na kuendelea. Wanayauza kwa saizi zenye majina ya chakula, sijui aliyeanzisha alikuwa na njaa: kuna mchele, njegere, njugu, yai. Sisi tunatumia njugu, punje ya sentimita tatu na kitu. Mchele ni wa wenye mashine zinazojilisha.

Ishu ni kwamba hayawaki. Yaani unawasha, yanakutazama. Zamani watu wengi wa huku waliyaona ni mawe tu, mpaka Februari 1808 jamaa mmoja wa Wilkes-Barre, Jesse Fell, akayaweka juu ya wavu wa chuma kwenye baa yake, hewa ikapita chini, yakashika bila mtu kuyapuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote, hewa ya chini. Mimi zaidi ya miaka 200 baadaye nilikuwa nimepiga magoti besimenti napepea kwa mfuniko wa ndoo.

Fikiria kila unachokijua kuhusu jiko la mkaa. Unapepea kwa juu, unachokonoa, unaongeza vipande viwili vitatu, ukiona vimelala unavigeuza. Basi kila kimojawapo hapo kinaua moto wa anthrasaiti. Ukichokonoa kwa juu unavuruga tabaka na majivu yanaingia katikati. Ukiongeza kidogo kidogo hayashiki, yanataka yajazwe mengi, kina kirefu, yashikane joto yenyewe kwa yenyewe.

Aliyeniokoa ni mzee jirani, ana miaka sabini na kitu, baba yake alikuwa mchimbaji. Aliingia akanikuta na nondo mkononi nachochea. Akaninyang'anya. Hakusema kitu kwanza, akaiweka kule mbali ukutani, halafu akasema sentensi moja ambayo kwa Kiswahili chetu ingekuwa: huo moto hauna shida na wewe, wewe ndiye una shida nao.

Akanifundisha kutikisa. Kuna mkono wa chuma pale chini, unausukuma na kuuvuta kwa vipigo vifupi, wavu unacheza, majivu yanadondoka. Unachungulia tundu la majivu. Kwanza giza. Halafu rangi ya chungwa inaanza kumulika sakafu ya chuma kutoka juu, hapo hapo unaacha. Ukiacha mapema majivu yanakaba moto unakufa saa nne asubuhi uko kazini, ukizidisha unaangusha moto wote chini na imekula kwako. Halafu unafungua mlango wa chini dakika chache uvute, unajaza makaa mpaka usawa wa matofali, ila kona moja unaiacha wazi, nyekundu, hujaifunika.

Hiyo kona nataka muikumbuke.

Makaa mapya yakipata joto yanatoa gesi, na ile kona ndiyo inayoiwasha ikitoka. Unaona vimoto vya bluu vinatembea juu ya makaa meusi, virefu, laini, havina sauti, wazee wa huku wanaviita mabibi wa bluu. Nimekaa usiku mwingi kwenye ndoo iliyopinduliwa navitazama kama TV. Ukifunika moto wote gesi inakosa wa kuiwasha, inajikusanya, siku ikishika inashika yote kwa pamoja. Mimi ilinishikia usoni, mlango ukafunguka wenyewe, nyusi zangu zilichukua mwezi kurudi. Na hiyo ikiwa chimni inavuta. Chimni isipovuta, gesi inarudi ndani.

## Saa kumi na moja alfajiri

Ratiba yenyewe haina mengi. Kutikisa, kujaza, kutoa majivu kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko na kuyaweka nje mbali na mbao, maana kinachoonekana kimekufa kinaweza kukaa na kaa hai mpaka kesho yake. Moto huzaa majivu, wahenga walimaliza, ila hawakusema ni ndoo moja na nusu kila siku. Tunayamwaga kwenye barafu njiani, yanashika kiatu vizuri kuliko chumvi.

Kinachochosha ni kufungwa. Hatujawahi kulala nje ya nyumba siku mbili wakati wa baridi. Shemeji alifunga ndoa Ohio mwezi wa kwanza, nikabaki mimi na tanuru. Mke wangu alinitumia picha za pilau.

Ila lile joto jamani. Sakafu inakuwa na uvuguvugu kama ukuta wa nyuma ya jiko la kuni, umeme ukikatika kwa theluji sisi hatuna habari, Wakongo wanakuja na watoto wao, tunakaa chini kule, mama mmoja akaniambia hapa ndiyo mahali pa kwanza Marekani ambapo moto unaonekana. Nilivimba kichwa. Nadhani huko ndiko nilikoanza kulegea, maana mtu akishaitwa fundi haangalii tena.

## Ting, dup

Usiku ule nilifanya makosa matatu, na moja moja hakuna ambalo lingetutoa nyumbani.

La kwanza sio langu sana, ni hali ya hewa. Chimni inavuta kwa sababu ndani kuna joto na nje kuna baridi. Nje kukipata joto, inalegea. Nilijua hilo, na badala ya kuacha moto uchangamke kidogo, nyumba ilikuwa ya moto nikabana kizibo cha bomba.

La pili, nilikuwa nimechoka. Nilitaka nilale mpaka saa moja. Nikajaza makaa nikafunika yote. Kona hamna.

La tatu ndilo lililokuwa linajijenga tangu Oktoba. Yule zimamoto alipanda akagonga lile bomba linalotoka tanuru kwenda chimni, kwa kifundo cha kidole tu. Bomba tupu linasema ting. Letu likasema dup. Kesho yake nilipolifungua na mzee jirani tulitoa karibu ndoo nzima ya majivu membamba kama unga wa sembe, yanapeperuka juu na moto, yanalala kwenye bomba pale linapokwenda mlalo, kidogo kidogo miezi minne. Sikuwahi kulifungua. Sababu nilijiambia chimni inachafuliwa na moshi na masizi, na makaa haya hayana moshi, kwa hiyo ni safi.

Unaona ninavyofikiri? Hakuna moshi, kwa hiyo.

Mzee alikuwa ameshika brashi, akaniambia baba yake na wenzake kule migodini kila hewa mbaya waliipa jina, kuna nyeusi iliyokuwa inazima taa, kuna iliyokuwa inalipuka, na hii wakaiita nyeupe. Hii taa ilikuwa inaendelea kuwaka vizuri tu. Mtu anaanguka na taa yake inawaka pembeni. Ndiyo maana walikuwa wanashuka na ndege, au panya, kiumbe kidogo kinachodondoka kabla yako. Mzee huyu akikaa vizuri atakuhadithia maafa ya Knox ya Januari 1959, mto Susquehanna ulivyotoboka ukaingia mgodini, watu 12 hawakutoka mpaka leo, mabehewa ya reli yakasukumwa kwenye shimo kuziba maji, na anahadithia kwa raha kama mechi. Ya hewa nyeupe aliisema anatazama chini.

Halafu akauliza, kwenu mnaiitaje?

Nikakosa jina.

## Njombe, mwezi wa sita

Kwetu haina jina. Kwetu ni "walilala wakaamka wamekufa".

Nilikuwa darasa la nne. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu na mkewe, wageni wamepanga chumba kimoja. Asubuhi ya Juni, ile ya umande mweupe kwenye majani ya viazi. Mlango ulivunjwa. Jiko lilikuwa katikati ya chumba, sisi watoto tulichungulia miguuni mwa watu wazima, naliona mpaka leo, jiko la bati lenye makaa yamegeuka majivu meupe na umbo lake bado limesimama. Hakuna kitu kimeungua. Chandarua kizima. Kwa hiyo watu wakasema wamelogwa, na mwenye nyumba akahama, na kuna mama mmoja alisumbuliwa sana na maneno ya watu miaka mingi. Namfikiria huyo mama wiki hizi.

Usiku ule ule Mama alikoka jiko letu nje kama kawaida. Tukasubiri. Kanuni ilikuwa inajulikana, mpaka mdogo wetu wa miaka minne alikuwa anaijua: jiko linakaa nje mpaka moshi uishe, likishawiva, limekuwa jekundu, hata moshi wa uzi hamna, ndiyo linaingia. Mama anaita kutoka uani.

"Moshi umeisha, ingizeni jiko."

Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote za utotoni kwangu.

Na ndiyo hiyo hiyo niliyomwambia zimamoto saa kumi usiku kwa Kiingereza cha kutetemeka. Moshi unakuamsha, unakutoa machozi, unakohoa, unatoka. Ukiisha, makaa bado yanakula hewa na yanatoa hii nyeupe, na hewa ikipungua chumbani yanazidisha. Damu inaishika zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Kinachokuja ni kichwa kuuma kidogo na usingizi, na nani analalamika akipata usingizi.

Binti yangu mkubwa alikuwa amesema kichwa kinamuuma jioni ile. Nilimwambia apunguze simu.

## Ziba

Nikampigia Mama. Sikumwambia ya kwetu, nilianza kwa mbali, nikauliza baridi ikija huwa mnalala na jiko chumbani? Akashangaa. "Sasa tulale na nini? Lakini moshi unakuwa umeisha baba, sio kwamba tunaingiza hivihivi." Nikaanza kueleza, akanikata kwa upole, akasema yeye amelala na jiko tangu anaolewa, wewe na ndugu zako wote mmelala na jiko, nani alikufa?

Na kweli. Nani alikufa?

Hili swali lilinikalia siku kama kumi. Naendesha gari nalifikiria, natikisa wavu nalifikiria. Ile nyumba ya tatu walikufa usiku mmoja, na sisi tulilala na jiko kila Juni na Julai, watu sita chumba kimoja, hata kichwa hakikuuma. Jibu nililipata nikiwa sina habari, nimekaa besimenti nimetazama lile dirisha la kastoo ambalo halifungi vizuri, upepo unaingia, nikawa nataka kuliziba na taulo.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa ya tofali mbichi na bati lililokuwa haligusi ukuta. Juu pale kote ulikuwa unapita mkono, upepo unaingia huku unatokea kule, tulikuwa tunachomeka magunia na bado unapita. Tulikuwa tunalilaani lile pengo. Wale wapangaji wawili walikaa nyumba mpya ya tofali za kuchoma, ya kwanza mtaani yenye silingi bodi.

Mwaka 2019 nilimjengea Mama nyumba. Hela ya huku, mashifti ya usiku ghalani, nilijinyima. Bati la msauzi, tailizi, silingi, madirisha ya alumini yale yakifungwa husikii hata jogoo. Fundi aliacha matundu ya hewa juu ya kila dirisha kama wanavyoachaga. Mama akalalamika baridi inapita pale. Fundi akanitumia picha WhatsApp akauliza tufanyeje bosi.

Nilimjibu neno moja. Ninayo hiyo meseji bado, nimeisoma mara nyingi kuliko inavyofaa.

Ziba.

Kanuni ya Mama ilikuwa inafanya kazi kwenye ile nyumba yenye pengo, mimi nikambadilishia nyumba nikamwachia kanuni ile ile.

## Mpaka sasa

Kwetu huku mke wangu ametoa masharti na hakuna majadiliano. Kengele ya hiyo kaboni monoksaidi kila sakafu na moja nje ya chumba cha watoto. Bomba linafunguliwa kila mwisho wa mwezi, analigonga yeye mwenyewe, likisema dup hatulali humo. Kizibo kimebadilishwa, sasa kuna kile cha kilango kinachoning'inia, kinajirekebisha chenyewe upepo wa chimni ukibadilika. Na amesema baridi ijayo ndiyo ya mwisho, halafu gesi. Mwaka jana pia alisema hivyo, ila mwaka jana alikuwa anacheka.

Mimi sijui. Kuna siku nataka kuling'oa lote liende chuma chakavu, halafu jioni nashuka naona wale mabibi wa bluu, nashindwa. Nikitikisa sasa hivi natikisa kwa woga kidogo, mzee jirani anasema ndiyo nimeanza kujua.

Mama nilimwagizia hita ya umeme, anaiwasha nikipiga video. Kupitia dada mmoja aliyekuwa anasafiri nikatuma kengele mbili kama hizo zetu. Wiki iliyopita nikamuuliza Mama umeziweka wapi, akageuza simu anionyeshe kwa furaha kabisa: kabati la vyombo, nyuma ya kioo, katikati ya birika la wageni na zile sahani za maua, zote mbili ndani ya maboksi yake. Anasema hataki ziharibike.

Matundu ya hewa tumekubaliana afungue mawili. Kwenye video niliona moja limechomekwa khanga. Hakuna aliyeligusia, si yeye si mimi.

Jumamosi mpwa wangu anaenda na drili. Mama ameridhia kuta zitobolewe mahali pawili tu, chumbani kwake na koridoni. Nimemwambia huyo mpwa akimaliza kuitundika abonyeze kile kitufe cha kujaribia nikiwa hewani, nataka kuisikia mwenyewe. Mama ameuliza kama inapiga kelele sana, kuna majirani.

Nimemwambia inapiga mara nne, inanyamaza, halafu inarudia.